Muziki Uliotaka Kuninyima Mke

Kuna miaka fulani ya muziki wa nchi yetu ambayo nikiisikia hata kwa mbali, kinywani napata ladha ya mawese yaliyochacha. Sisemi muziki wa zamani kabisa, ule wa magitaa matamu ambao babu zetu walivaa koti ili kuusikiliza. Wala sisemi wa vijana wa leo, huo bado sijapata nafasi ya kuuchukia vizuri. Nasema ule wa katikati, wa miaka ya vita na iliyofuata, wakati wimbo ulianza kama wimbo, mtu analilia mpenzi wake kwa adabu, halafu kabla hujamaliza kumhurumia anaacha kulia na kuanza kutaja matajiri. Tajiri wa magari. Tajiri wa almasi. Mke wa tajiri wa almasi. Rafiki wa huyo mke, anayeishi Ulaya na hakuna anayejua anafanya nini huko. Kazi hiyo tunaiita kutupa mabanga: mwenye fedha anampa mwimbaji kitu, mwimbaji anamtupia jina lake ndani ya wimbo, na sisi wengine tunakaa kusikiliza majina ya watu ambao hawatatujua hata siku ya kiyama. Nimesikia nyimbo ambamo mapenzi yalipewa mstari mmoja na majina yakachukua yote yaliyobaki. Ungedhani serikali inahesabu raia.

Halafu anaingia atalaku, yule ambaye kazi yake ni kupiga kelele ili wengine wacheze. Bwana huyo hulia kama mtu ambaye nyumba yake inaungua na ndani amesahau suruali yake ya pekee. Nyuma yake kinanda cha umeme kinazunguka palepale kama mbu chini ya chandarua. Na suruali zenyewe, kwa kuwa nimezitaja: mguu mmoja ungetosha kuanikia mihogo ya familia nzima, na mwingine ungebaki kwa jirani. Wimbo haukuwa na mwisho. Mtu aliweza kuweka maharagwe ya jana mekoni wakati unaanza, akayapakua na kuosha sufuria, na yule bwana bado anaungua.

Yote haya niliyasema darasani, na kwa sababu hiyo nina mke.

Mimi nimesoma kwa jioni. Mchana nilikuwa nauza mchele sokoni Kasongo, huku Maniema, jioni nanawa vumbi la pumba na kwenda kukaa kwenye benchi pamoja na watu wazima wenzangu, wengine wakiwa na wajukuu, wote tunahangaika na kitenzi kimoja cha Kifaransa kilichokataa kutulia. Nilipata diploma yangu nikiwa na ndevu ambazo wanafunzi wa mchana walizisalimia kwa heshima. Mwaka wa mwisho mwalimu alitupa zoezi la kujadiliana mbele ya wote: je, muziki wa miaka ile ulikuwa mbaya? Mimi akaniweka upande wa wanaosema ndiyo, na Mungu amjalie, maana angeniweka upande mwingine ningeacha shule usiku uleule.

Mpinzani wangu alikuwa fundi wa kushona, mtu mpole. Alisema muziki ule ulituunganisha kama taifa. Nikamjibu kwamba hata kuhara kulituunganisha mwaka ule maji yalipochafuka, na hakuna aliyekuambia ukucheze. Sitasema kwamba darasa zima lilianguka chini, lakini benchi moja ilivunjika, na sijui kwa nini ivunjike wakati uleule kama si kwa ajili yangu.

Msichana wa benchi ya pili alicheka mpaka akalaza uso juu ya daftari. Alikuwa mtu wa Kabambare, amekuja kukaa kwa dada yake Kasongo ili asome. Tulipotoka alinisubiri mlangoni na uso mkavu kabisa.

“Weye,” akasema, “umesema maneno yangu yote. Nani alikupa?”

“Ni yangu mwenyewe.”

“Kwetu baba anapiga ile muziki toka jua kutoka mupaka jua kuingia. Iko na mabafle tatu. Miye nimekulia ndani ya bafle.” Bafle ni lile sanduku la kutolea sauti, na yeye alilisema kama mtu anavyotaja ugonjwa wa ukoo. “Wanaume wote wanakuja kwetu wanaitika tu: muziki muzuri, muzee, muziki muzuri. Weye ni mutu wa kwanza miye namusikia anasema kweli juu ya ile kitu.”

Mengine yalifuata yenyewe. Aliporudi kwao, nikawaambia wazee wangu kwamba nataka kuoa Kabambare.

Kwetu mwanamume haendi kujiombea. Anaenda na msemaji, mtu wa ukoo anayejua kuongea, na yeye mwenyewe anakaa kwenye kiti kama mzigo uliofungwa vizuri. Hakohoi bila ruhusa. Msemaji akisema ndiyo, ni yeye amesema ndiyo. Msemaji akiahidi mlima, kesho mtaanza kuubeba. Na mwoaji akifungua mdomo kabla ya kuulizwa, analipa kuku, na wakati mwingine anarudi nyumbani bila msichana. Mimi msemaji wangu alikuwa baba mdogo, mdogo wa marehemu baba yangu, mtu aliyekuwa akileta samaki wakavu kutoka Nyangwe na kuwauza mjini. Ulimi wake ulikuwa mtamu kiasi kwamba angerudi Nyangwe kumuuzia mvuvi samaki wake mwenyewe, na mvuvi angeomba wa nyongeza. Nilifikiri nimebahatika.

Tulikwenda kwa pikipiki mbili, moja yangu na vitenge na chumvi, moja ya baba mdogo na mbuzi. Barabara mnaijua. Karibu na kijiji cha Wamaza tulizibeba pikipiki badala ya pikipiki kutubeba sisi, na mbuzi ndiye peke yake aliyefika msafi.

Kabambare ilitufikia kwa masikio kabla ya macho. Nilimsikia atalaku nyuma ya mihogo, anaungua vilevile kama zamani. Nikamwambia baba mdogo, “Ni pale.” Akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia nimejua kwa uchungu.

Mzee wa nyumba alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye shamba la mpunga na kiduka cha sabuni na batri. Juu ya paa lake paneli za jua zilikuwa nyingi kuliko mabati. Mabafle matatu yalikaa ukumbini, yamefunikwa vitambaa vya kufuma kama wageni wa heshima, na sisi tukapewa viti vilivyobaki. Kitu pekee kilichowahi kuyanyamazisha ni adhana. Siku ile niliposikia mwadhini wa adhuhuri nilimpenda kama ndugu. Tuliposwali na kurudi, mzee akaminya kitufe chake, na tajiri wa almasi akaendelea pale alipoachia.

Baba mdogo hakupoteza muda. Alianza na salamu, akaingia kwenye ukoo wetu, akagusa tabia yangu kwa upole, kisha akaona jicho la mzee linaelekea kwenye bafle.

“Unasikia hii?” mzee akauliza.

“Nasikia, muzee. Nilikuwa naogopa kusema mbele, wasiseme nimekuja kujipendekeza.”

“Sema.”

“Muziki iliishia pale. Hawa watoto wa leo wanapiga mabakuli.”

Mzee akavuta kiti karibu. Baba mdogo aliona samaki amegusa ndoano, akavuta. Alisema mabanga ni heshima, kwamba mtu asiyetajwa ni kama hajazaliwa. Alisema atalaku ni kama mwalimu wa kijiji. Mimi nilikaa na kutazama vidole vya miguu yangu, matope ya Wamaza yakiwa bado kati yake.

“Na huyu mutoto?” mzee akauliza, akinionyesha kwa kidevu. Mila haikumruhusu kuniuliza mimi. “Anapenda?”

“Huyu?” Baba mdogo akacheka kama mtu aliyeulizwa kama maji yanalowesha. “Huyu bila ile muziki hapati usingizi. Tunamuwekea kama mama anavyomuwekea mutoto ziwa mudomoni.”

Nilimkanyaga mguu chini ya kiti. Akadhani namtia moyo.

“Tena muzee, nasema mbele ya hawa wote: siku ya arusi haitapigwa kitu ingine. Asubuhi mupaka mwisho. Na tutaleta mutu na mikro ya kusemea, atatupa mabanga, na jina ya kwanza itakuwa yako.”

Ukumbi ulipumua. Mzee alikaa nyuma, akafumba macho kidogo, na uso wake ukawa wa mtu aliyekunywa maji baridi. Neno la msemaji limetoka, halirudi. Mimi nilijiona siku ya harusi yangu nimekaa ndani ya nyumba inayoungua, na nikajifariji kwamba angalau mke nimempata.

Nilisahau kwamba kati ya ukumbi na chumba cha ndani kulikuwa na pazia tu.

Basi binti akaitwa. Ni desturi: kabla ya mali ya wageni kuguswa, msichana anatolewa na kuulizwa mbele ya wote kama anawajua hawa watu, na kama baba yake apokee. Shangazi yake alimleta akiwa amefunikwa kitenge kichwani, akamkalisha kwenye mkeka. Nilitegemea nitaona dalili ya kicheko pembeni ya mdomo. Sikuona. Uso wake ulikuwa ule mkavu wa mlangoni pa darasa, ila safari hii ulikuwa mkavu kwa kweli.

“Mama,” mzee akamwambia, kwani binti alikuwa na jina la mama mzazi wa mzee na hivyo ndivyo alivyomwita, “hawa watu wanasema weye unawajua. Unawajua?”

“Hapana, baba.”

Shangazi akashika kifua. Baba mdogo akatoa kicheko kidogo cha biashara na kusema wasichana wenye adabu wana haya, tumuulize tena. Mzee akamuuliza tena.

“Kuna mumoja nilimujua kule Kasongo,” akasema, polepole, akitazama mkeka. “Ule alisimama mbele ya watu akasema ile muziki ni takataka. Nilicheka mupaka machozi. Nikasema, huyu ni mutu hawezi kunidanganya. Sasa huyu iko pale kwa kiti, analala na ile muziki kama mutoto na ziwa. Huyu simujui. Mali ya mutu simujui, baba, usipokee.”

Atalaku aliendelea kulia ndani ya bafle. Nilimtazama baba mdogo, na kwa mara ya kwanza maishani nikaona ulimi wake umekauka. Alimtazama mbuzi nje. Wanasema msichana anaulizwa mara tatu. Ya tatu ikipita, unafunga mizigo.

Nikasimama.

“Muzee, kuku ya kusema bila kuulizwa nitaleta,” nikasema. “Ule mutu ni mimi. Baba mudogo alitaka kukufurahisha, moyo wake iko safi. Lakini mimi ile muziki siwezi. Inanichafua roho. Toka nimekaa hapa nimetajiwa matajiri mupaka nimechoka, na hata mumoja hakutuma salamu. Ule anayepiga kelele, muzee, mutu mwenye afya halii vile. Na ile kinanda. Kama mbuzi wetu angelia kama ile kinanda tungemuchinja Wamaza.”

Na nilisema zaidi. Nilisema kuhusu suruali. Nilisema kwamba wanaume wa Maniema walijua majina ya wauza magari wa Ulaya kuliko majina ya watoto wa dada zao. Nilikuwa nimebeba mambo hayo toka asubuhi na yalitoka kama maji ya mto uliovunja kingo. Shangazi mmoja alitoka nje, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Mpaka leo anasema alikuwa analia.

Mzee alinyoosha mkono akaminya kitufe. Kimya kilipoingia, nilisikia kuku wakitembea.

“Umemaliza?”

“Nimemaliza, muzee.”

“Kaa.”

Nikakaa.

“Miaka ile,” akasema, “weye ulikuwa mutoto, ulikuwa unabebwa. Hapa walikuwa wanakuja watu na bunduki. Wanasimama pale kwa njia, wanaita majina. Fulani. Fulani. Ukisikia jina yako, unatoka, unabeba masanduku yao ya risasi, unaenda. Miye waliniita mara mbili. Kaka yangu mara moja. Ilitosha.” Alisema hivyo bila kupandisha sauti, kama anavyotaja bei ya sabuni. “Nilikuwa na radiyo, batri nakausha kwa jua. Pale kwa shamba tulikuwa tunajificha, nasikia kule Kinshasa wanaita majina. Na ule mutu anaitwa, anacheka. Anacheza. Jioni anarudi kwake. Kile kitu kilinishangaza. Kumbe jina ya mutu inaweza kuitwa na ule mutu arudi kula bugali yake. Nilitaka kusikia ile tu. Wimbo sikuwa na haja nayo.”

Nimesoma kwa jioni, nina diploma, nimejadiliana na mafundi na walimu, lakini hilo hakuna mwalimu aliyenifundisha. Nilimtazama msichana. Naye alikuwa amemgeukia baba yake kitenge kikimteleza kichwani, na niliona kwamba naye alikuwa analisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza, yeye aliyekulia ndani ya bafle.

Pale ndipo palikuwa mahali pa kusema samahani, muziki ni mzuri, nilikosea. Baba mdogo alinitazama kwa macho ya kuniomba nifanye hivyo. Lakini yule wa kwenye mkeka alikuwa bado hajanijua.

“Muzee,” nikasema, “ile imeniingia, na haitatoka. Sitacheka tena juu ya mabanga mbele yako. Lakini muziki yenyewe ni mubaya.”

Baba mdogo akafunika uso kwa kofia yake.

Mzee alinyoosha kitambaa juu ya bafle. Kisha akamgeukia baba mdogo. “Huyu mutoto yenu iko na kichwa ngumu.”

“Ilitoka kwa upande wa mama yake,” baba mdogo akasema ndani ya kofia.

“Mama,” mzee akamwambia binti yake, “hii ni ya mwisho. Unawajua hawa?”

“Namujua ule wa kiti, baba,” akasema. “Huyu wa kofia bado.”

“Tupokee?”

“Pokeeni.”

Wanawake wakapiga vigelegele, mbuzi akafunguliwa, na nilipoinuka kumshika mzee mkono kwa mikono miwili, nikifikiri yamekwisha, alinishikilia.

“Neno ya musemaji,” akasema, “hairudi. Asubuhi mupaka mwisho. Na mikro.”

Ndivyo ilivyokuwa. Tulirudi Kabambare baada ya mavuno ya mpunga, ukoo mzima, na tukasomewa nikahi barazani kwa mzee. Nusu saa hiyo ndiyo niliyoifurahia kwa masikio. Kisha kitufe kikaminywa. Mabafle matatu yalikuwa yameazima mengine mawili kwa jirani. Baba mdogo, kwa kutimiza ahadi, alikuwa amempata kijana wa mikro kutoka Kasongo, na kijana huyo aliungua kuliko atalaku mwenyewe. Jina la kwanza alilolitupa lilikuwa la mzee. Mzee alikuwa anagawa chai. Aliweka birika chini, akanyoosha mkono juu kama mwanafunzi anayeitika mahudhurio, akasema, “Niko.” Akaitwa tena, akasema tena, “Niko.” Kisha akaokota birika na kuendelea kugawa. Watu walicheka. Mimi nilitazama pembeni.

Lakini sitaki mtu anidanganye kwamba muziki uligeuka mtamu. Ulikuwa mchungu. Kinanda kilizunguka ndani ya fuvu langu, tajiri wa almasi alifufuka, na kuna wimbo mmoja ulioanza mke wangu akiwa na hina mbichi mikononi na nadhani uliisha imefifia. Kwetu bwana na bibi arusi hawacheki siku yao. Wanakaa kwenye viti vya mbele, uso mzito, macho chini, kuonyesha kwamba wanajua uzito wa jambo. Anayecheka anasemwa mwaka mzima. Basi tulikaa pale, mimi na yeye, midomo imekunjwa kama watu walioonja mwarobaini, na mashangazi wa Kabambare wakapita mbele yetu mmoja baada ya mwingine wakitikisa vichwa kwa kuridhika.

“Angalia hawa watoto,” shangazi mkubwa aliwaambia wageni. “Angalia namna wanajua kukaa. Siku hizi hautaona tena arusi wanakunja uso vizuri vile.”

Mke wangu hakugeuza kichwa. Alisogeza mdomo kidogo tu chini ya ushungi.

“Hii wimbo imefika wapi?”

“Bado,” nikasema. “Sasa ndiyo anamutaja muke wa tajiri wa almasi.”